Mpira Uliofukuliwa kwa Onsongo

Kwa mkono wa Momanyi, Dukani,
Nyakoe.
21 Februari 1971

Dada Tryphosa,

Kabla hujasoma mstari wa pili, funga mlango. Nakusihi kwa jina la mama aliyekuzaa, neno lolote utakalolikuta humu lisitoke kinywani mwako: si kwa shemeji, si kwa watu wa kanisa lenu huko Moshi, na hasa si katika barua yoyote utakayomwandikia baba yangu. Ukimaliza kusoma, itie motoni. Mimi nafanya kazi ya karatasi na nimeona jinsi karatasi zinavyotembea.

U hali gani na huo mzigo ulioubeba? Umebakiza miezi mingapi? Huku mvua imewahi, chai inachumwa kila baada ya siku chache. Mama yako Bosibori yuko kwao Kebirigo, amefungwa mbao kwenye mkono wa kushoto. Alianguka. Mimi ningali karani katika ofisi ya chifu.

Telegramu uliyopata ilisema baba yako alifariki kwa homa. Dada, Baba Obwocha hakuugua. Jumapili ile asubuhi alikuwa mzima kuliko mimi ninayekuandikia. Zaidi ya hapo usiniulize.

Uliomba maneno ya kusomwa kwenye ibada mtakayomfanyia huko. Nimekaa mbele ya karatasi hii siku tatu na kila nikimkumbuka namwona na fimbo yake ya gofu. Waambie alikuwa Bwana Shamba wa serikali aliyewafundisha watu kupanda chai, kisha akirudi nyumbani Ikonge anafyeka majani yake mwenyewe kwa panga hadi yanakuwa kama mkeka, anafukia kopo la mafuta ya kupikia, anasimika tete lenye kitambaa chekundu, anaanza kupiga mpira. Jirani yetu Ogari alikuwa anapita na kumtania, "Bwana Shamba, hiyo mboga yako nyeupe inaota lini?" Naye humjibu, "Ikiota, mbegu ya kwanza ni yako."

Waambie kilabu cha gofu cha Kisii kilipoanza kupokea Waafrika, alikuwa miongoni mwa wa kwanza. Wenzake walikunywa bia, yeye soda. Waambie pia siku ya mashindano aliyobakiza mashimo mawili tu ashinde kikombe, alipopata habari kwamba mke wa Onsongo jirani yetu ameshikwa na uchungu na mtoto amekaa vibaya. Aliziacha fimbo kwenye majani, akarudi Ikonge na Volkswagen yake, akampeleka yule mama hospitali. Mtoto alitoka salama. Nilimuuliza kama hakusikitikia kikombe. Akasema, "Alfayo, kikombe kinanywewa nini nami nina vikombe sita kabatini?"

Andika kwa Nyakoe, si ofisini. Momanyi nilisoma naye na hana mdomo.

Mimi nduguyo,
Alfayo

---

Moshi,
30 Machi 1971

Ndugu yangu Alfayo,

Nimejifungua tarehe kumi na mbili. Ni msichana, tumemwita Nyamusi. Ana vidole virefu vya babake na hasira za kwetu. Shemeji yako anakusalimu. Hajui kwa nini barua yako imenilaza kitandani siku mbili, nami sikumwambia. Kwa hiyo ombi lako nimelitimiza, ingawa barua sikuichoma.

Sasa nisikilize. Telegramu ilisema homa. Baba yako Abner ameniandikia kurasa mbili za Zaburi na mstari mmoja kwamba mdogo wake "alianguka ghafla njiani". Wewe unasema alikuwa mzima. Na mama yangu, ambaye tangu nizaliwe sijamwona akijikwaa, naye pia "alianguka". Watu wa kwetu wameanza lini kuanguka hivyo?

Maneno yako ya gofu yalisomwa ibadani na watu wakacheka pale pa vikombe sita. Mimi nilikumbuka jinsi alivyonishikisha ile fimbo nikiwa darasa la tano, akasimama nyuma yangu na kunong'ona, "Usiupige kwa hasira, mama. Mpira ukipigwa kwa hasira unakwenda kichakani kujificha." Kwa maisha yangu yote hakunipiga hata kofi moja.

Mimi ni muuguzi, Alfayo. Nimewaosha waliokatwa mapanga, nimewaosha walioungua. Usinifiche kana kwamba mimi ni mtoto. Niandikie majeraha yake, moja baada ya jingine. Nina haki ya kuyajua.

Dada yako,
Tryphosa

---

Nyakoe,
9 Mei 1971

Dada Tryphosa,

Hongera kwa Nyamusi. Mungu amkuze. Mkono wa Mama Bosibori umeunga, lakini umepinda. Anasema utatosha kumbeba mjukuu.

Nimechelewa kwa sababu niliandika barua hii mara nne na kuichana.

Yule mtoto wa Onsongo, aliyezaliwa siku ya mashindano, alishikwa na homa mwezi wa Januari. Wiki mbili tu, akafa. Jumapili ya tarehe 31 wakamchimbia kaburi ubavuni mwa nyumba, karibu na migomba inayopakana na majani ya Baba Obwocha. Watu walikuwa wengi. Ilikuwa mchana, jua kali. Ogari ndiye aliyekuwa shimoni. Jembe lake likagonga kitu, akakiinua. Ulikuwa mpira wa gofu, umekuwa manjano kwa udongo.

Wazee waliuzungusha mikononi. Mmoja akasema ni yai la nyoka, mwingine akasema ni mfupa. Ogari akauweka juu ya gogo, akaupiga panga. Dada, kumbe ndani ya mpira ule kuna nyuzi za mpira zilizofungwa na kuvutwa mno. Ulipopasuka zile nyuzi zilianza kujifungua zenyewe, zikirukaruka juu ya gogo na kutoa sauti kama ya nyoka, na mpira ukawa unajigeuza kama kitu chenye uhai. Katikati kulikuwa na kifuko, nacho kikapasuka, kikatema uji mweupe uliomrukia Ogari usoni. Wanawake walipiga kelele. Onsongo akasema polepole sana, "Hicho ndicho kilichomla mwanangu."

Wakati huohuo Baba Obwocha alikuwa anafika kilioni. Alikuwa na mkungu wa ndizi begani na fimbo moja ya gofu mkononi, ile ya chuma, aliyokuwa anaitumia kama mkongojo kwenye utelezi. Hakuwa amesikia lolote. Aliona vipande juu ya gogo, akatabasamu vile alivyokuwa anatabasamu, akasema, "Kumbe ulikuja huku! Huo ni wangu, nimeutafuta tangu mwaka juzi."

Ndiyo maneno aliyosema. Hakuna aliyemlazimisha.

Onsongo akauliza, "Ni wako?"

"Wangu kabisa. Pole sana, ndugu yangu. Pole kwa mtoto."

"Uliuzika nyumbani kwangu, sasa unanipa pole?"

Akaanza kueleza, lakini hakuna neno la Kigusii la kitu kile, na kila alipoeleza ilizidi kuwa mbaya: kwamba huwa anaamka kabla ya umande kukauka, kwamba ana vishimo vyake, kwamba mipira mingi imepotelea kwenye mashamba ya watu naye hajui iliko. Mama mmoja akalia, "Mmemsikia? Ametuzikia sote!" Mtu aliyesoma aliyekuwapo akaulizwa kama duniani kuna mchezo wenye kitu kama kile. Mtu huyo akasema hajui. Ndipo neno likatoka, omorogi, mchawi, na likishatoka kwetu unajua halirudi.

Uliniomba majeraha. La kwanza ni jembe, begani. Mkungu ukaanguka naye akauangukia. Wakamnyang'anya ile fimbo ya chuma na kumpiga nayo mdomoni, kisha magotini, kisha sikuhesabu. Jicho la kushoto. Vidole vya mkono wa kulia alipojikinga. Ogari aliyekuwa anataniana naye kila siku alimpiga mawe huku akilia na kujifuta ule uji usoni. Mama Bosibori alikuja mbio, akamlalia mumewe, wakauvunja mkono wake ndipo wakamtoa. Mtu mmoja akaleta nyasi kutoka paa la jiko na kiberiti. Jina lake sitaliandika. Ningependa kukuambia kwamba kabla ya nyasi alikuwa amekwisha kufa. Nadhani alikuwa amekwisha kufa.

Kisha wakaichoma nyumba yenu.

Kesho yake chifu alinipa maneno ya kupiga taipu. "Ameuawa na watu wasiojulikana." Niliyapiga kwa vidole hivi, nakala tatu, nikayagonga mhuri.

Choma barua hii, Tryphosa. Safari hii nakuomba kwa machozi.

Alfayo

---

Moshi,
2 Juni 1971

Alfayo,

Nyamusi ameanza kuinua kichwa. Ndiyo habari yote ya nyumbani niliyo nayo.

Nimesoma barua yako kama ninavyosoma cheti cha mgonjwa. Umeona tabasamu lake. Umeona uji ukimrukia mtu usoni. Umesikia Onsongo akisema "polepole sana". Mtu aliyesikia hayo alikuwa hatua tatu kutoka pale, hakuwa ofisini. Katika barua nzima sikuona mahali ulipoandika "nilisimama hapa".

Mtu aliyesoma, ambaye alikuwa kilioni kwa Onsongo siku ya Jumapili, ambaye watu wangemgeukia wamuulize. Nimehesabu waliosoma wa ule mtelemko wetu. Wawili walio Nairobi, mimi niliye Moshi, na baba aliyekuwa anapigwa. Nani amebaki, ndugu yangu?

Na kuhusu nyasi unasema "nadhani". Mimi kazini sikubaliwi kudhani. Alikuwa anapumua au hakuwa anapumua?

Mama alimwomba mwalimu wa Kebirigo amwandikie barua ya kuniletea. Anasema inspekta mmoja alifika kutoka Kisii, mgeni asiye wa kabila letu, akauliza maswali, na kila mlango aliambiwa watu walikuwa wametoka. Uchunguzi wa kifo utasikizwa mbele ya hakimu Kisii tarehe 16 Agosti. Mama alitaka kusema, lakini damu ilimfumba macho na hakuona ni nani. Asipotokea wa kuwataja, faili itafungwa na baba atabaki mchawi milele, na watoto wa Ikonge watamwimba.

Nenda kwa inspekta, Alfayo. Aliyekulea ni baba yangu. Alikuweka nyumbani kwake ukasoma hadi kidato cha nne, na chumba ulicholala ndicho kilichokuwa changu.

Tryphosa

---

Nyakoe,
27 Juni 1971

Dada,

Salamu kwa shemeji na mtoto. Siwezi.

Usinihukumu ukiwa mbali. Jumanne nilipotoka ofisini nilikuta kichwa cha mbwa wangu juu ya meza yangu ya chakula, kimewekwa kwenye sahani yangu. Alhamisi kaka yangu Nyamweya alinikuta kisimani. Aliniuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Karani, nasikia wewe unapenda sana kwenda Nyakoe. Kuna msichana?"

Nikasema, "Kuna rafiki."

"Msalimie. Mwambie sisi hatuna haja ya kusoma barua za watu. Tunasoma mikono tu. Anayeandika sana tunamjua kwa vidole." Akanishika mkono wa kulia, akaukunja kidole kimoja kimoja hadi nikapiga magoti kwenye matope. Wanawake waliokuja kuteka maji walitupita wakiangalia chini. Alipoondoka alinipapasa kichwa.

Baba yangu amekwisha kuniita mbele ya wazee wawili. Anasema damu ya Obwocha imemwagika ndani ya ukoo, na ya ndani ya ukoo hufunikwa ndani ya ukoo, kwa ng'ombe na kwa maombi. Anasema nikienda Kisii sitaipeleka kortini kesi, nitaupeleka mlango wake, damu yake mwenyewe. Naye ni mzee wa kanisa, Tryphosa. Alikuwa amesimama pale kaburini pia.

Mimi nina miaka ishirini na mitatu. Nikisikia mlango ukigongwa naingia chini ya kitanda. Tafadhali usiniandikie tena habari hii.

Alfayo

---

Moshi,
15 Julai 1971

Alfayo,

Sitakuandikia tena habari hii. Nimeomba likizo na nimepewa. Nitamfunga Nyamusi mgongoni, nitafika Ikonge kabla ya tarehe 16, nami nitapita mlango kwa mlango nikiuliza kila mtu kwa jina alifanya nini na mikono yake. Ikiwa hakuna mwanamume wa kusema, nitasimama mbele ya hakimu mimi ambaye sikuona kitu.

Kisimani, nikiwa nyumbani, huwa naenda saa nne. Mwambie Nyamweya.

Tryphosa

---

Kisii,
22 Agosti 1971

Dada yangu Tryphosa,

Samehe mwandiko huu. Ni wa mkono wa kushoto, nami naujifunza.

Ulipopata telegramu yangu ya kukuomba usipande basi ulifikiri ni woga tena. Ulikuwa woga, ndiyo. Akilini nilikuona na mtoto mgongoni ukishuka ule mtelemko, nikamwona Nyamweya akikungoja. Nilitapika mezani pangu ofisini. Kisha nikachukua kofia na kumwambia chifu kwamba naumwa, na kwa mara ya kwanza tangu Januari sikuwa nimesema uongo. Nilikwenda Kisii kwa miguu, nikikata kwenye mashamba ya chai ili nisionekane barabarani. Inspekta alinipa kiti. Nilimpa jina langu.

Nikuambie sasa niliyokunyima, kama nilivyomwambia hakimu.

Nilikuwa nimesimama mkono wa kushoto wa Onsongo, karibu na gogo. Ogari alinigeukia akasema, "Wewe karani, umesoma vitabu vya Wazungu na umelala kwa huyu miaka sita. Sema. Kuna mchezo wa namna hii?" Watu wote wakanisogelea, Tryphosa. Hata waliokuwa wanalia walisogea. Nilikuwa nimekwenda naye kilabuni Jumapili zisizo na idadi. Nimeiosha mipira hiyo kwenye karai. Baba Obwocha alinitazama, hakuwa na wasiwasi hata kidogo, akasema, "Haya Alfayo, waeleze wewe, mimi Kigusii kimenishinda."

Nikasema, "Sijui."

Neno moja. Nilidhani nikisema najua, wataniuliza nami nimezika mingapi. Alikuwa bado anaanza kucheka, akifikiri natania, jembe lilipomshukia.

Aliyeleta nyasi ni Nyamweya, kaka yangu wa tumbo moja. Aliyewasha kiberiti ni yeye. Na baba yako alikuwa anapumua. Nilimwona akijaribu kugeuka ili moto usimwendee Mama Bosibori, aliyekuwa amelala karibu. Ndilo jambo la mwisho alilofanya.

Nilisema hayo yote Jumatatu ile, na mahakama ilikuwa imejaa watu wa kwetu. Nilitaja watu tisa. Nilipomtaja wa tisa, Nyamweya, baba yangu alisimama na kutoka nje. Hakimu aliuliza, "Na huyu Nyamweya ni nani kwako?" Nikasema, "Ni ndugu yangu." Wakamkamata palepale, na Onsongo, na Ogari. Onsongo hakupinga. Alisema tu, "Mwanangu ataamka?"

Nje ya mahakama, saa sita mchana, kabla askari hawajanizunguka, watu wa ukoo walinivuta chini. Walijua wanachotaka. Mmoja alikalia kifua changu, wawili wakaunyosha mkono wangu wa kulia juu ya jiwe la ngazi, wa nne akaushushia rungu mara tano. Sikuwahi kusikia mifupa yangu kabla ya siku hiyo. Daktari alikata vidole viwili. Vilivyobaki anasema havitashika kalamu.

Sikuandikii ili unisamehe. Kama ningetaka msamaha ningetafuta mtu asiyenijua. Kesi imepelekwa Mahakama Kuu, itasikizwa mwezi wa Oktoba hapahapa Kisii, na nitaitwa tena kusema yaleyale, nao mawakili wao wataniuliza kwa nini nilisema sijui. Nataka uwepo nitakapojibu.

Kwa hiyo fuata maagizo haya. Usiandike tena Nyakoe; duka la Momanyi limevunjwa na yeye amehamia kwa wakwe. Barua mtumie inspekta hapa Kisii, aniletee. Ukija, panda basi la asubuhi kutoka Nairobi ili ufike Kisii kungali mwanga, wala usipande linalopitia Ikonge. Shuka mbele ya posta. Usimuulize mtu yeyote habari zangu barabarani, hata akikusalimu kwa jina lako. Fuata njia iteremkayo nyuma ya soko hadi uone cherehani mbili barazani. Hapo ni kwa mama mjane, Bathsheba, fundi wa sare za shule. Mwambie umekuja kupimwa gauni la ubatizo. Atamtazama mtoto kwanza, kisha atakuelekeza mlango wa uani.

Mlangoni usiseme unamtafuta Alfayo wa Abner. Baba ametangaza kanisani kwamba hana mwana wa jina hilo. Mahakamani walipotaka jina la kuandika, niliwapa jingine, na ndilo wanalonijua nalo hapa na ndilo litakalosomwa Oktoba. Kama unaona sistahili kulibeba, njoo uniambie hivyo uso kwa uso nami nitalirudisha. Gonga, useme unamtaka Alfayo Obwocha, kisha uendelee kusema lolote, mpaka nihakikishe ni sauti yako. Nachelewa kufungua. Komeo ni zito kwa mkono mmoja.